Mzee aliyekuja gesti kwetu kutibiwa macho

Leo mzee mmoja amekuja gesti kwetu kutibiwa macho.

Gesti, jamani. Vyumba sita na chai ya asubuhi, hapa Nyamiaga, Ngara.

Alitoka Murukulazo kwa bodaboda, binti yake amemshika mkono. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Daktari yupo?"

Nikajua wamepotea. Binti akanionyesha simu. Alikuwa ametafuta "daktari wa macho Ngara", na tovuti iliyotokea juu kabisa ni yetu.

Ni mimi niliyefanya hivyo.

Mwezi uliopita niliambiwa kwamba ukiweka kwenye tovuti maneno ambayo watu wanayatafuta sana, itaonekana haraka. Nikayajaza chini ya ukurasa: hospitali, kliniki, daktari wa macho. Nikajiona mjanja.

"Hapa hakuna daktari, mzee."

Yeye ndiye aliyenituliza: "Usijali mwanangu, hiyo mitandao huwa inakosea."

Nami nikaitikia, "Kweli mzee, mitandao hii!"

Binti akanitazama, kisha akaitazama tena simu yake.

Niliwapeleka mwenyewe hospitali mjini. Daktari wa macho alikuwa karibu kuondoka, lakini akampokea. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea baraka mbele ya watu wote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Yale maneno nimeshayafuta. Lakini namba ya binti, aliyonipa tulipoagana, ninayo, na baba yake bado anaamini mtandao ndio uliokosea.

Ungekuwa wewe, ungempigia umwambie ukweli?