Sare ya Mejumaa

Siku ile naikumbuka mpaka rangi ya uzi, mwanangu. Ilikuwa Alhamisi, nami nimeketi kwenye cherehani katika chumba cha nguo cha hoteli moja ya Diani, jina lake nitalimeza. Wewe keti hapo mkekani, unyooshe miguu, maana sare uliyoniletea nikupunguzie kiuno haitakwisha sasa hivi. Jumatatu waanza kazi hotelini, Mungu akujaalie kheri, na kabla hujaivaa nguo hii nataka nikuhadithie habari ya nguo nyingine.

Wakati huo nywele zangu zilikuwa nyeusi zote na akili bado mbichi. Nilikuwa fundi wa sare. Vifungo, zipu, pindo zilizofumuka, shuka zilizochanika, vyote vyaja kwangu. Nilikuwa na cherehani ya umeme, chumba chenye feni, na mshahara kila mwisho wa mwezi. Wallahi nilijiona nimefika.

Basi mlango ukafunguliwa, akaingia msimamizi wa vyumba, ambaye sote tukimwita Madamu. Nyuma yake yuko Mejumaa, mwanamke kijana wa Kibuyuni aliyekuwa akitandika vitanda ghorofa ya pili. Sare imembana hata kifungo cha kati hakifiki tunduni. Madamu akamshika bega, akamgeuza ubavu, akaniambia, "Saumu, mpanulie huyu. Ana mimba, na sitaki wageni wamwone amebanwa hivi." Kisha akatoka zake. Aliposema hayo tulikuwa watatu tu mle ndani. Shika neno hilo, mwanangu. Watatu.

Mejumaa akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Da Saumu, tafadhali usimwambie mtu mwingine. Mbili zimenitoka. Hii nataka niifiche mpaka Mungu aitimize. Huyu Madamu ameiona mwenyewe, sikumwambia."

Nilimwelewa. Sisi huku mimba hatuitangazi, jicho la mtu lina makali, na aliyekwisha kupoteza mara mbili ana haki ya kuogopa. Nikafumua mshono wa ubavuni, nikaachia vidole viwili huku na vidole viwili huku, nikashona upya kwa uzi mweupe kwa kuwa wa buluu ulikuwa umeniishia. Akavaa, akacheka, akasema, "Sasa twapumua sote wawili."

Hazikupita wiki tatu akaitwa ofisini. Akaambiwa wageni wamepungua, kazi yake imekwisha, kesho asije. Wageni wamepungua! Jumatatu iliyofuata nikaletewa msichana mpya nimpimie sare, na kazi aliyopewa ni vitanda vya ghorofa ile ile ya pili. Nilimpima na pini zangu mdomoni. Nilijua kila kitu, nikanyamaza.

Mejumaa yeye hakunyamaza. Kwao Kibuyuni mwani alioupanda mama yake ulikuwa umeoza kambani mwaka ule, na nyumba nzima ilikuwa ikimtazama yeye. Akapanda Kwale kwa afisa wa kazi, akashitaki kwamba amefukuzwa kwa ajili ya mimba. Hoteli ikaitwa ijibu. Unajua walijibuje? Eti wao hawakujua kama ana mimba! Hakuandika barua, hakumwambia yeyote, basi wangemfukuzaje kwa jambo wasilolijua? Kumbe ile siri aliyojifunika kwayo isimpate husuda, ndiyo waliyomfungia mikono.

Jioni moja akaja nyumbani kwangu Ukunda, tumbo limeshakuwa kubwa. Akakataa kiti, akakaa chini kama ulivyokaa wewe. Akasema, "Da Saumu, kuna wakili wa kike amejitolea kunisimamia bure. Anasema nikipata shahidi mmoja tu wa kueleza kwamba Madamu alijua, kesi twaipeleka mahakamani. Nawe ulikuwapo."

Mwanangu, ningependa nikuambie nilisimama pale pale. Sikusimama. Nilimwambia, "Nisamehe, mdogo wangu. Mimi sikusikia vizuri alichosema Madamu. Cherehani ilikuwa ikilia."

Cherehani ilikuwa imezimwa. Yeye ajua, nami najua. Alinitazama kidogo, akajiinua kwa kushika ukuta, akasema, "Haya, da. Ahsante kwa maji." Nilikuwa nimempa gilasi ya maji, basi hicho ndicho alichoona cha kushukuru. Mpaka leo nikiyakumbuka maneno yale naona haya.

Jumapili nikaenda Bodo kumwamkia mamangu, nimembebea mchele kilo mbili. Nilimkuta akisuka ukili wa mkeka. Na mimi na ulimi wangu huu usiotulia, nikamsimulia yote, tena kwa kujisifu, eti nimejiepusha na fitina za watu, nimelinda kazi yangu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Kisha akaweka ukili chini, akausukuma ule mfuko wa mchele mpaka ukanigusa magoti.

"Rudi nao," akasema.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Mimi hukunikosea. Lakini wewe nilikuzaa chumba hicho hapo, na wanawake wanne walinishika mikono usiku kucha. Hakuna hata mmoja aliyesema hasikii." Akauchukua ukili wake tena. "Mficha uchi hazai, Saumu. Mwenzako amejifunua kwako, nawe umegeuza uso. Siku ukiulizwa na Mungu ulikuwa wapi, utamjibu cherehani ilikuwa ikilia?"

Mama yangu hakuwa mtu wa kufoka, na ndiyo maana yaliniingia. Ningepigwa makofi ningeona nafuu. Nililia palepale mbele yake kama mtoto, naye akaendelea kusuka.

Sikurudi Ukunda. Nilishika njia ya Kibuyuni na mchele wangu mkononi. Nilimkuta Mejumaa pwani na mama yake, wafunga mbegu za mwani kambani. Hata salamu sikungoja. Nikamwambia, "Cherehani ilikuwa imezimwa."

Akajibu, "Najua, da." Akanisogezea kamba nami nikakaa nikafunga pamoja nao mpaka maji yakajaa.

Kesi haikwenda mbio. Kesi haina haraka, mwanangu, uwe na subira nayo. Siku niliyoitwa kutoa ushahidi Mombasa, mtoto wa Mejumaa alikuwa ameshazaliwa, tena ameota meno mawili, bibi yake kambeba nje ya ukumbi. Mejumaa hakuwa ameirudisha ile sare, basi ikawekwa mezani mbele ya jaji. Wakili wa hoteli akainuka, bwana mmoja nadhifu, suti imemkaa sawasawa, hata mimi fundi niliisifu moyoni. Akaniuliza, "Bi Saumu, wewe ni daktari?"

"La, bwana. Ni fundi wa nguo."

"Basi ulijuaje kwamba ana mimba?"

"Sikujua mimi. Nilielezwa na Madamu, naye ndiye aliyeniagiza nimpanulie. Huo uzi mweupe hapo ubavuni ni mkono wangu."

Jaji akaivuta sare, akaigeuza ndani nje, akaupitishia kidole mshono wa kwanza kisha wa pili. Madamu alikuwa ameketi nyuma, ameinamisha kichwa. Hata yeye nilimwonea huruma, maana alikuwa na wakubwa wake wa kuwaogopa, kama mimi nilivyomwogopa yeye. Lakini hofu yangu, mwanangu! Nilishika mbao za kizimba kwa mikono miwili mpaka nilipoambiwa nishuke.

Mejumaa alishinda. Alilipwa haki yake, na ikasomwa wazi mbele za watu kwamba kubeba mimba si kosa la kumtoa mtu kazini. Kazi ile mwenyewe hakuitaka tena. Leo yuko kwao, atengeneza sabuni za mwani, na huyo wa meno mawili ni msichana mrefu kuliko mimi.

Na mimi? Nisikudanganye, ukweli ulinigharimu. Mkataba wangu ulipokwisha haukuandikwa upya, na nililia wiki nzima. Ndipo nikanunua cherehani hii ya miguu, mitumba, unayoisikia ikikohoa. Siku ile hukumu ya Mejumaa iliposomwa nilimpelekea mamangu mchele. Aliupokea kwa mikono miwili, akaupika kwa nazi jioni ile ile, tukala sahani moja.

Basi mwanangu, nakuusia. Mungu akikujaalia tumbo, wafiche walimwengu utakavyo, sikukatazi, mimi mwenyewe niliwaficha. Lakini mwajiri wako mwandikie barua, uweke tarehe, ubaki na nakala yake pamoja na daftari la kliniki. Wakikuletea karatasi usiyoielewa, usitie sahihi kwa kuona haya, sema utaisoma nyumbani. Wakikutoa kwa sababu ya mimba, sheria haiwaruhusu hata kidogo, nenda kwa afisa wa kazi mapema, maana muda wa kushitaki nao una mwisho. Kudai haki si utovu wa adabu. Na ikiwa aliyeonewa si wewe, ni mwenzako, hapo ndipo nakuomba zaidi. Mkono mmoja haulei mwana. Ulichosikia sema umesikia, hata kama utaogopa kama nilivyoogopa mimi.

Haya, simama ujaribu. Geuka nikuone. Mashaallah! Kiuno nimekipunguza, lakini kitambaa cha ndani sikukikata. Nimekukunjia vidole viwili kila upande, na siku ukivihitaji uje, kama ningali hai nitakufungulia kwa mikono hii hii. Nenda, mwanangu. Mungu akupe riziki ya halali na uzao wa kheri, akupe wa kukushika mikono siku yako, na siku ya mwenzako mikono yako isiwe mbali. Amina.