Wali wa Wodi ya Wazazi

Wodi yetu ya wazazi hapa Mpanda ina desturi ambayo hatukufundishwa chuoni. Mtoto akitufia mikononi, mmoja wetu anatoka hadi kwa mama ntilie wa getini, anarudi na wali na samaki mgebuka wa kukaanga, tunakaa chumba cha manesi tunakula. Haongei mtu. Pole yetu ndiyo hiyo. "Kula, mwenzangu, zamu bado ndefu."

Nimekula pole hizo miaka na miaka, nikaumuka. Mtaani Makanyagio nikasifiwa: "Nesi, mji umekukubali!" Nikacheka, nikaagiza na chapati. Asubuhi nawahubiria wajawazito habari za mafuta na chumvi, mchana niko na soda baridi na mihogo ya kukaanga. Jamani, sisi manesi!

Mwaka huu daktari wetu alinipima presha, akarudia kunipima. Kisha akaniambia nipunguze mwili, la sivyo nitakuja kulazwa humu humu. Sikubisha. Mama yangu alipooza upande mmoja akiwa na umri wangu huu huu, na mimi ndiye ninayemgeuza kitandani mpaka leo. Niliogopa, niliogopa kweli. Nikianguka mimi, nani atamgeuza?

Wiki ileile akaletwa mama mmoja kutoka Karema, mvua imemchelewesha njiani. Tulihangaika naye asubuhi nzima. Mtoto hakulia.

Mchana mwenzangu wa zamu, tuliyeanza naye kazi sote tukiwa wembamba, akaingia na sahani mbili.

"Mimi sili," nikasema.

Akanikasirikia. "Ehe! Leo una uchungu kuliko sisi?"

"Sina njaa, dada. Nimeumia tu."

Tusidanganyane, ule wali niliutamani. Mate yalinijaa, ikabidi niikalie mikono yangu. Na kwa vile mdomo haukuwa na kazi, kilio kikanitoka, kilio cha aibu chenye kamasi, mtu mzima mimi na sare yangu. Sikuwahi kumlilia mtoto hata mmoja pale wodini. Mwenzangu alisimama na kijiko mkononi, hajui akiweke wapi. Halafu akazisogeza sahani zote mbili juu ya kabati, akavuta kiti, akakaa karibu yangu.

"Alikuwa na nywele nyingi," akasema.

"Nyingi mno," nikamjibu. "Mpaka masikioni."