Boksi la Mkumbo Kwenye Maji ya Kitangiri

Niliondoka Manyoni kwa sababu ya wivu, na ni afadhali niseme mapema kuliko msomaji agundue mwenyewe. Kazi yangu ni kutengeneza pampu za visima. Wiki nzima kila mteja aliyefika kibandani kwangu alinionyesha video ileile kwenye simu: mtumbwi unakata maji ya Ziwa Kitangiri bila kasia wala moshi, unasukumwa na mota ya umeme wa jua, na nyuma yake amekaa Mkumbo akitabasamu. Mkumbo huyo mimi ndiye niliyemfundisha kushika bisibisi. Waliniuliza kama nimemwona mwenzangu, nami nikajibu nimemwona, huku nakaza nati mpaka ikakatika. Mke wangu nilimwambia naenda kumpongeza. Ukweli ni kwamba nilikwenda kutafuta kasoro.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi la Singida. Kuanzia Ikungi alizeti zilikuwa zimechanua pande zote za barabara. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu aliuliza ninakokwenda, na nilipotaja Kitangiri akauliza kama nakwenda kuuona mtumbwi wa umeme. Nikajifanya nimesinzia.

Singida nikabadili basi, mchana nikateremka Misigiri, nikala wali maharage, kisha nikachukua bodaboda kupitia Kiomboi hadi ziwani. Njia nzima nilikuwa napanga makosa kichwani: maji yatakuwa yanaingia kwenye mota, nyaya zitakuwa zimeungwa ovyo. Mkumbo alikuwa na haraka tangu zamani. Kufika mteremko wa mwisho, ziwa likaonekana jeupe kule chini, nami nilikuwa nimekwishamhukumu.

Alasiri nilifika kwao. Nilimwamkia mama yake shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha ugali wa mtama na perege. Alisema mwanawe hunitaja kila siku. Kisha akanishika mkono kwa huruma, akanitia moyo kwamba nami nikijitahidi nitafika alipofika mwanawe. Nilishukuru.

Mkumbo alinichukua hadi mtumbwini, akafungua kifuniko cha boksi linaloendesha mota. Lazima niseme kweli: kazi ilikuwa safi. Mota ilizama majini pamoja na rafadha yake, yale mapanga yanayosukuma maji, na kila kiungo cha waya kilikuwa kimezibwa vizuri kuliko ninavyoziba mimi. Roho iliniuma. Ndipo nikaiona taima, kile kisaa cha kuhesabu dakika.

Sisi mafundi wa visima tuna mazoea yetu. Maji yakipungua kisimani au mota ikilemewa, boksi huizima lenyewe, husubiri dakika tatu "kisima kipumue", kisha huiwasha tena bila kumwita mtu. Ni jambo zuri, maana kisima kiko porini na mlinzi amekwenda kuchunga. Mkumbo alikuwa amefunga taima ileile, kwa kipimo kilekile nilichomfundisha. Lakini ndani ya kisima hakuna anayeingiza mkono. Ziwani, rafadha ikinasa, kitu cha kwanza anachofanya mtu ni kuingiza mkono.

Nilinyamaza. Kesho yake viongozi wa wavuvi wa vijiji jirani walikuwa wanakuja kuamua kama Mkumbo awatengenezee na wao. Niliwaza mota itazima mbele yao, kisha iwake yenyewe kama yenye mapepo, nao watamcheka. Niliwaza kicheko tu. Vidole sikuviwaza, au nilikataa kuviwaza.

Asubuhi saa mbili wageni walisimama ufukweni, sisi wawili tukaingia ziwani. Mtumbwi ulikwenda kimya, ndege hawakushtuka. Ulikuwa mzuri, nami niliuchukia. Tulipokaribia matete, kipande cha wavu mkuukuu kikajisokota kwenye rafadha, na boksi likazima mota. Mkumbo akacheka, akawapungia wageni wasubiri, akalala kifudifudi nyuma ya mtumbwi na kuzamisha mkono mpaka begani.

Taa ndogo ya taima ilikuwa inapepesa karibu na goti langu. Nilikuwa nahesabu. Dakika ya kwanza nilikaa kimya, na sina utetezi. Ya pili ilipokaribia kwisha nikamwona anavuta kwa mikono yote miwili, nikauchomoa waya wa betri.

Aligeuka kwa hasira, akidhani namharibia mbele ya watu. Nilimweleza. Hakubishana. Aliinua mota juu ya maji, akarudisha waya, akaketi mbali nayo. Boksi likaanza kuhesabu upya. Dakika tatu zilipotimia rafadha ilizunguka yenyewe, ikakichana kile kipande cha wavu kilichobaki.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Ulipofungua kifuniko."

Alichukua kasia, akapiga mpaka ufukweni. Aliwaambia wageni mtumbwi haujawa tayari, una hatari ambayo hakuiona. Walipouliza nani ameigundua, alinionyesha kwa kidole akasema, "Kaka yangu huyu, ndiye aliyenifundisha kazi." Wakanipa mkono wote. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mchana alinipa bisibisi. Niliitoa taima, nikafunga kitufe: mota ikizima haiwaki mpaka mtu akibonyeze. Tulirudi majini. Mkumbo akafunga kamba kwenye rafadha mpaka mota ikalemewa na kuzima, kisha akaniambia nikae kwenye boksi. Akainama, akaishika rafadha kwa mikono yote miwili.

"Hesabu," alisema.

Kitufe kilikuwa mbele yangu, nyaya zote ziko betrini. Nilihesabu dakika tatu, nikaongeza mbili, mikono nimeikunja kifuani isije ikagusa kitu. Yeye hakunitazama hata mara moja. Nilipomwambia basi, aliinuka akajikung'uta maji, akasema twende tukale.

Siku iliyofuata nilirudi Manyoni kwa njia ileile. Nilidhani wivu ungebaki Kitangiri, lakini nilirudi nao, ila umebadilika. Mtumbwi nikijitahidi nitautengeneza, hata mzuri kuliko wake. Lakini mtu aliyeninyamazia hatari jana, mimi leo nimpe mikono yangu na kitufe, nisigeuke hata kumtazama? Hilo siliwezi. Mkumbo aliliweza, na ndilo ninalomwonea wivu sasa.