Huko Itale Hatukusema Tumechoka

Enzi zetu pale Goweko, mtoto aliyetamka "nimechoka" akiwa kwenye kilima cha Itale alizibwa mdomo na mkono wa mtu mzima, na mkono huo mara nyingi ulinuka tumbaku. Itale kwa Kinyamwezi ni jabali, na kilima chenyewe kilikuwa mawe makubwa yaliyobebana. Chini yake ilipita njia ya zamani ya misafara, ile iliyopeleka pembe pwani na kurudi na nguo na shanga. Babu yake bibi yetu alikuwa mpagazi katika njia hiyo. Bibi, mama yake baba, alitusimulia kwamba kiongozi mmoja wa msafara alipita pale akilalamika kwa sauti kuwa amechoka. Wakatembea kutwa, na jioni wakajikuta wamefika kwenye majivu ya moto wao wenyewe wa asubuhi.

Tuliamini. Jumapili tuliamini ya kanisani na Jumatatu tuliamini ya Itale, wala hatukuona ugomvi kati ya siku hizo mbili.

Sasa mpagazi aliyezidiwa alifanyaje, kama kusema ni mwiko? Aliokota jiwe, akaliweka kando ya njia, akasimama. Aliyekuwa nyuma yake alipaswa kuja kuweka bega chini ya mzigo ule, kimya kimya. Haulizi una nini. Haulizi mpaka wapi. Mawe hayo yaliachwa palepale, na yakawa rundo refu kuliko baba.

Sisi tuliigeuza desturi hiyo kuwa mchezo wa kuokota kuni. Tulikuwa wanne: mimi wa kwanza, mapacha Kulwa na Doto, na Shija aliyewafuata, ambaye miaka ile alikuwa bado mzigo wangu wa mgongoni. Doto aliweka mawe njia nzima, na Kulwa akafika nyumbani na matita mawili. Bibi alimwambia Doto kwamba angezaliwa enzi za wapagazi, tembo wangeota pembe nyingine kabla zile za kwanza hazijafika pwani. Mifukoni tulikuwa na matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa juani mpaka ukavitafuna kama unatafuna mkanda, kisha utamu ukaja taratibu. Baba akirina asali tulilamba masega mpaka nyuki wakatudai. Usiku ilikuwa ugali na mlenda, na aliyechelewa kunawa alikuta mlenda umebaki hadithi.

Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla ya mvua nyingine. Baada ya matanga, ndugu waliketi uani kugawana watoto. Hawakuwa watu wabaya. Ndivyo yatima walivyotunzwa. Baba mdogo, aliyefuga ng'ombe kule Choma, angewachukua mapacha wakachunge. Shangazi wa Cheyo, mjini Tabora, angemchukua Shija. Mimi nilikuwa darasa la sita, na walisema sitakosa pa kukaa. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, macho yake yalishaanza kufifia, na hakuna aliyemwuliza neno. Baba mdogo akanituma nilete nguo za Shija.

Sikuingia ndani. Nilikwenda nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, nikachukua jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, nikarudi nalo, nikaliweka katikati ya mkeka mbele ya wakubwa. Kisha nikasimama, Shija mgongoni.

Baba mdogo ndiye aliyeanza, akicheka kidogo:

"Mtoto huyu anatupeleka Itale."

"Basi wewe ndiye uliye nyuma yake," bibi akasema. "Nangoja kuliona bega."

Baba mdogo aliliangalia lile jiwe kama mtu anayesoma. Mwisho akasema mvua zikianza ataleta maksai walime shamba letu. Shangazi naye akasema sare za shule atashona yeye. Wote walijua mwiko ule, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mpaka lini. Mimi niliacha shule wiki hiyohiyo nikashika shamba la tumbaku. Maksai walikuja, sare zilikuja, na watoto wale hawakulala nyumba tofauti mpaka walipokuwa na za kwao. Tangu siku ile sikuweka jiwe lingine. Niliona nimeshatumia langu.

Shija alisoma mpaka madarasa ambayo sikujua majina yake. Mwaka huu amemaliza uhandisi huko China, akanitumia tiketi niende nikamwone. Kwenye simu aliniambia amepata kazi hukohuko, na kwamba tutaongea nikifika. Nilipanda ndege nikiwa na swali moja: mtoto huyu bado ni wetu?

Nilipofika hatukuongea hayo. Alinipeleka kwanza mlimani, Taishan, mlima wao mtakatifu. Alisema wafalme wa kale waliupanda kuiarifu mbingu kuwa wametawala, na kwamba juu kuna hekalu la bibi wa mawinguni ambaye wanawake humwendea kuomba watoto. Ngazi za mawe zinapanda mpaka zinaingia ukunguni, huoni mwisho. Misonobari imeota kwenye nyufa za miamba, imepinda kama wazee. Watu wanafukiza udi, wanafunga tepe nyekundu, na kwenye matawi ya miti wameweka vijiwe vidogo, kila kimoja na ombi lake. Nilipoviona vile vijiwe nikagusa kimoja.

Wapo wapagazi pia. Wanabeba maji na mboga za wauzaji wa juu kwa mzega, ule mti wa begani, mzigo huku na mzigo huku, na hawapandi wima. Wanakata ngazi mshazari, kulia kisha kushoto. Bibi alituambia babu yake alipanda hivyohivyo.

Vijana wa kule ni kama wa kwetu. Walipanda hatua chache, wakasimama kujipiga picha, wakaketi. Shija naye alikuwa mbele na simu yake. Kule chini aliniomba mkoba wangu, nikamkatalia kama nilivyomkatalia kila mtu maisha yangu yote. Mkobani mlikuwa na matobolwa ya kula kileleni. Lakini sehemu ile ya mwisho, ngazi zinaposimama kama ukuta, mkoba ulinizidi. Nikainama, nikaokota jiwe, nikaliweka ukingoni mwa ngazi, nikasimama. Nilijiambia: akiuliza "Dada, vipi?", jibu langu nimelipata, si wetu tena.

Shija aligeuka. Akaniona, akaliona jiwe. Akatia simu mfukoni, akashuka, akanipita bila neno mpaka ngazi ya chini yangu, ili awe nyuma. Mpagazi mmoja aliyekuwa pale na mzega wake alisimama kumpisha. Ndipo Shija akaingiza bega chini ya ukanda wa mkoba, ukanitoka mgongoni.

"Twende, dada," akasema.

Hajawahi kubeba mzigo njia ya Itale. Alipita pale akiwa mgongoni kwangu.

Sasa nimerudi Goweko. Rundo la mawe la Itale halipo tena. Lilisagwa kokoto, nalo pengine liko chini ya barabara fulani linakanyagwa na magari. Watoto wa Kulwa na Doto husema wamechoka kabla hawajatoka kitandani, na siku hizi ukikwama njiani, aliye nyuma yako hupiga picha kwanza. Enzi zetu mtu alitazama jiwe akajua la kufanya. Sidhani watoto wa leo ni wabaya, jiwe hawajalionyeshwa.

Siku ile tulikula yale matobolwa kileleni, mawingu yakiwa chini yetu, Shija akitafuna polepole kama anayetaka yasiishe. Akaniambia habari za ile kazi, na kwamba ameikubali. Nilimwambia ni vizuri. Mpaka lini, sikumwuliza.