Uzi Wenye Mafundo

Fundi yule wa suti hatumii futi. Humzungushia mteja uzi mweupe, akapiga fundo la kiuno na fundo la kifua, pini zimejipanga mdomoni, wimbo ukimtokea puani, kisha huutundika uzi msumarini na hautupi kamwe. Mke aliyakumbuka yote hayo, maana miaka tisa nyuma, walipokuwa wakienda ughaibuni, walipumzika siku tatu katika mji uleule wa Asia na mumewe akashonewa suti. Sasa wanarudi nyumbani kabisa, na mapumziko ya njiani ni yaleyale. "Nikishuka kwenye ndege, mama asije akadhani nilikwenda kuosha vyombo vya watu," mume alitania. Fundi aliutungua uzi wa zamani, akamzungushia. Wimbo ulikatika. Akapima tena, na tena, kisha akazitemea pini kiganjani na kumsogezea mume kiti. Kiuno kilikuwa kimepungua shibiri nzima. Mke alipigwa na butwaa. Kumbe yale mashati mapana ya siku hizi hayakuwa fasheni!

Fundi alikunja ukingo wa kitambaa, akauliza kwa nyusi: niache akiba kiasi gani, ukinenepa?

"Asiache kitu," mume alisema akitazama sakafu. "Daktari amesema sitanenepa tena. Ndiyo maana nilikuharakisha turudi, mama watoto."

Mke alimgeukia fundi, akamwonyesha shibiri, akiinyoosha mpaka vidole vikauma.