Mzimu wa Theluji Ulivyohukumiwa Sindo

Sisi tuliokulia Sindo tuliijua theluji kabla hatujaijua lami. Msicheke. Wenzangu mliosoma shule za madirisha yasiyo na vioo mnanielewa: wageni wa kanisa walikuja, wakapiga picha na sisi, wakaacha katoni ya vitabu, wakaenda zao. Sijui nani aliyeipakia ile katoni huko kwao, lakini kila kitabu kilikuwa na theluji. Mbwamwitu kwenye theluji, ngome kwenye theluji, maiti kwenye theluji. Kamusi haikuwemo hata moja. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliviangalia, akaguna, akatugawia twende navyo nyumbani, akisema Kiingereza ni Kiingereza.

Barafu tuliyoijua sisi ni ile ya lori la kubebea mbuta, samaki wakubwa wa ziwa letu, tuliyokuwa tukiiba vipande na kunyonya mpaka ulimi unakufa ganzi. Ilinuka samaki, na hatukujali. Basi kila niliposoma kwamba bonde zima limefunikwa na theluji, niliona bonde zima linanuka mbuta. Mpaka leo, mama mzima mwenye duka la vitambaa, nikisoma habari za theluji ninasikia samaki.

Nilivisoma vyote, na maoni yangu ya darasa la saba sijayabadilisha. Vile vya wafalme na uchawi vilinichosha. Jeshi linatembea kwenye theluji kurasa hamsini na hakuna hata mmoja aliyebeba unga! Malkia amevaa kigauni chepesi kwenye baridi ya kuua mtu, na hakohoi. Sisi mawingu yakitanda tu tulivalishwa sweta mbili. Halafu kuna vile vilivyoandikwa baada ya filamu, vyenye nyuso za waigizaji kwenye jalada. Hivyo vilikuwa chai ya majani ya jana, rangi ipo, ladha hakuna. Mtu anafungua mlango, anafunga mlango, sura imeisha. Lakini vya kutisha, lo! Hivyo nilivipenda mpaka vikaniletea kesi.

Kazi yangu wakati wa likizo ilikuwa kulinda omena za Mama, wale dagaa wadogo aliokuwa akiuza. Omena huanikwa juani, juu ya neti zilizotandazwa chini, na maadui wake ni wengi: kuku, bata, yangeyange, na mbwa wasio na mwenyewe. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, fimbo mkono mmoja, kitabu mkono mwingine, jua la saa saba likinichoma utosi, nami natetemeka. Kilikuwa kisa cha mwanamume aliyekwenda kutafuta kuni kwenye theluji asirudi, kisha kila jioni kitu kikawa kinagonga mlango wa mkewe. Siku hiyo nilifika pale mjane ameshika komeo. Mvua ikaja kutoka upande wa kisiwa cha Mfangano. Kila mtu ufuoni aliiona isipokuwa mimi.

Wenzangu wa omena mnajua hasara hiyo. Omena ikilowa kabla haijakauka sawasawa, haiuziki tena kwa binadamu, inakuwa chakula cha kuku. Kazi ya siku mbili ya Mama ililala kwenye matope. Alikuja mbio na karai kichwani, akaangalia neti, akaniangalia mimi. Mama alikuwa na mkono mwepesi, kwa hiyo nilifumba macho na kutoa shavu. Kofi halikuja. Nilipofumbua alikuwa amekishika kitabu changu, kinachuruzika maji.

"Achieng', kuna nini humu ndani?"

"Hadithi, Mama."

"Hadithi gani hiyo ya kula omena yangu?"

Akanivuta mpaka kwenye banda la mabati ambako wenzake walikuwa wamejikinga mvua. Alikuwepo Nyar Ndhiwa, mke wa jirani yetu, mwanamke wa sauti kubwa aliyeitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa Ndhiwa. Alikuwepo pia Mama Boke, Mkuria aliyeolewa kwetu, Kijaluo chake kikiwa bado kidogo, na kwa ajili yake kesi yangu iliendeshwa kwa Kiswahili, hicho chetu cha ufuoni.

"Utatuambia yote," Mama akasema. "Ikiwa ya maana, kitabu yako unabaki nayo na utasoma. Ikiwa upuuzi, jiko ndiyo hiyo. Na zile zingine za katoni pia zitafuata."

Nilikuwa na vitabu tisa chini ya kitanda, na sikuwa na kitu kingine changu duniani. Nikaanza.

Nimeshasikia wataalamu wakijadili vitabu redioni. Ni watoto. Hawajawahi kukaa mbele ya wanawake watatu wenye njaa waliopoteza siku ya jua.

"Huyo mwanaume alipotea, wakamtafuta siku ngapi?" Nyar Ndhiwa akanikatiza.

"Moja."

"Moja! Wuololo! Na ndugu zake?"

"Kitabu hakijataja ndugu."

"Mtu mzima, hana ndugu?"

"Na ng'ombe zake," Mama Boke akauliza, "nani analisha?"

"Haijasemwa."

"Basi hiyo kitabu iliandikwa na mtu hajui kitu."

Nikawaambia ardhi ya kule huwa ngumu kama jiwe, hivi kwamba hata wafu waliopatikana huwekwa kwenye kibanda miezi mitatu, wakisubiri udongo ulainike. Hapo walipiga kelele wote. Nyar Ndhiwa alisema akiwekwa kwenye stoo miezi mitatu kama mahindi, hata yeye ataamka, na atakayeanza kumgongea mlango anamjua. Walicheka mpaka Mama Boke akajifuta machozi kwa leso. Nikadhani nimeshinda.

Mama hakucheka. "Endelea," akasema.

Nikafika kwenye komeo. Nikakwama, kwa sababu hapo ndipo mvua iliponikuta, na kurasa za mwisho zilikuwa uji mtupu mikononi mwa Mama.

"Huyo si anataka yago tu!" Nyar Ndhiwa akaropoka. "Kitabu yote hiyo, na hakuna mtu mwenye akili..." Akajishika mdomo.

Mama Boke alitutazama mmoja mmoja. "Yago ni nini?"

Mama ndiye aliyejibu, bila kuinua macho. "Ni tunda. Ile refu inaninginia kwa mti, kama mkono. Mtu akipotea na mwili isipatikane, unazika hiyo tunda mahali yake. Unaita jina yake, unalia, anatulia." "Sisi tulizika moja."

Baba yangu alivuka kwenda Mfangano kununua mbuzi nilipokuwa na miaka minane. Mashua ilizama. Wenzake wawili walipatikana, yeye hakupatikana. Kaburi lililo nyumbani kwetu, nililokuwa nikilifagia kila Ijumaa, lina tunda ndani. Nililijua hilo siku zote, na nilikuwa nimesoma kile kitabu mpaka kwenye komeo bila kufikiri hata mara moja kwamba kinatuhusu. Mjinga mimi.

"Malizia," Mama akasema.

Nikamalizia kwa akili yangu. Nikasema kule kwenye theluji mti huo haumei, kwa hiyo mjane alichukua gogo la kuni, akalivalisha koti la mumewe. Akawasha moto juu ya ardhi mpaka ikalainika, akachimba. Majirani wote walikuja, hata wale waliotafuta siku moja tu, na safari hii walileta chakula. Wakaita jina lake, wakalia. Kugonga kukakoma.

Nyar Ndhiwa alikuwa akilia waziwazi. Mama Boke aliuliza tena habari za ng'ombe, nikampa ndugu wa marehemu awalishe, akaridhika.

"Na yule mke?" Mama akauliza. "Alilala?"

Kitanda changu kilikuwa upande wa pili wa pazia, nami nilikuwa nimemsikia Mama akigeuka huku na huku kila usiku kwa miaka minne. Lakini nilitaka vitabu vyangu. "Siku hiyo alilala, Mama. Mpaka asubuhi."

"Hapo umedanganya," akasema. Kisha akanirudishia kitabu. "Ile ingine yote ni ukweli. Ianike, ikauke."

Siku hizi mambo ni rahisi. Wapwa zangu hapa Homa Bay wanajiita mashabiki wa vya kutisha. Filamu ya theluji wanaitazama kwenye simu kwa mwendo wa kasi, wanaruka pale pa kutisha, kisha wanaipa nyota mbili. Ukiwauliza ilihusu nini, wanakuambia, "Aunty, si ucheki tu mwenyewe." Hakuna aliyewahi kupoteza hata omena moja kwa sababu ya kitabu.

Mwaka huu nilikipata kile kitabu kwenye simu, kizima, na mwisho wake. Mjane anafungua, mzimu unaingia, taa inaanguka, nyumba inaungua. Yeye anakimbilia kwa dada yake na kulala fofofo kama mtoto. Halafu kuna kugonga tena, maana lazima kitabu cha pili kiuzwe. Enzi zile mwandishi huyo angeletwa bandani aambiwe usoni.

Mimi mwenyewe ni mjane sasa, mwaka wa tatu huu. Wangu hakupotea popote. Tulimzika vizuri, mwili wake, nyumbani kwake, ndugu wote wakiwepo na ng'ombe wote wakiwa na wa kuwalisha. Nilikimaliza kile kitabu saa kumi na moja alfajiri, macho makavu, upande wake wa kitanda ukiwa baridi. Nikataka kumwambia Mama kwamba yule wa kwenye kitabu amelala. Najua angesema nini.