Marahaba ya Bi Manal

Thabit wa mtaa wa Chemchem ni fundi kompyuta, mtu mzito wa maneno. Msemaji wa nyumba alikuwa mama yake, Bi Manal, mpaka kiharusi kilipomnyang'anya sauti na mkono wa kulia. Thabit akachukua laptopu kuukuu inayotumia mfumo wa Linux, akachomoa sauti ya mama kwenye jumbe za sauti za zamani za simu, akaandika skripti, programu fupi ya kuzicheza. Kitufe kimoja kilisema "maji", kingine "niacheni nilale", na kile kirefu cha chini "marahaba, mwanangu".

Ila aliihurumia betri. Skripti ilichungulia kibodi, ikalala sekunde tano, ikachungulia tena. Kwa maji, kungoja sekunde tano si kitu. Kwa shikamoo ni tusi, jamani! Mtu ukimwamkia akakunyamazia muda wote huo, unajua kabisa hakutaki.

Sheima, dada yake Thabit, alikuwa hajakanyaga pale miaka mitatu, tangu aolewe Goweko na mkulima wa tumbaku ambaye mama hakumkubali. Aliposikia habari za ugonjwa, akaja, akapiga magoti kando ya kitanda. Habari za kompyuta hakuna aliyemweleza.

"Shikamoo, mama."

Bi Manal akabonyeza. Kimya. Sheima akangoja, akainuka, akatoka mbio akilia kwa sauti. Laptopu ikaitikia chumba kitupu. Mama akamgeukia Thabit, na jicho lile halikuhitaji kitufe.

Jioni ile ile Thabit aliufuta usingizi wote kwenye skripti. Sasa ilikaa imetega sikio kwenye kibodi yenyewe, kitufe kikiguswa tu, sauti inatoka. Kisha akapiga simu.

"Dada, mama alikuitikia. Wewe ulitoka mapema."

"Usinitanie, Thabit." Akakata.

Basi akapanda pikipiki hadi Goweko, akazieleza zile sekunde tano kwa dakika arobaini. Aliyeelewa ni shemeji yake peke yake, naye ndiye aliyemsihi mkewe mpaka akarudi kitandani kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," papo hapo, kwa sauti ile ile ya zamani.

Sheima akashika mdomo. Akaamkia tena, akaitikiwa. Tena, akaitikiwa. Mara ya sita kidole cha mama kilianza kutetemeka, na Thabit akataka kumwambia apumzike.

Mama akabonyeza kile kirefu cha chini kabla Sheima hajaamkia.